Faini ndogo hushika kijiji kuliko kiboko

Mhariri,

Katika ukurasa huu wa barua wasomaji wamekuwa wakirudia hoja moja: vijiji vya Tabora vimelegea kwa sababu watemi, machifu wetu wa jadi, waliondolewa na kiboko kikaondoka nao. Dawa wanayoipendekeza ni kupata mtu wa mkono mzito, mfano wa Mirambo, awanyooshe wezi wa ng'ombe, wachoma mkaa na wanaolisha mifugo kwenye mashamba ya wenzao. Uchungu wao unaeleweka. Lakini historia ya mkoa huu huu haiungi mkono dawa hiyo. Jamii hushikwa na mambo madogo yasiyo na sifa: mpaka unaojulikana, mlinzi anayefaidika kwa kulinda, faini ya kwanza inayolipika, na shauri linaloisha kabla mlalamikaji hajauza mbuzi kwa ajili ya nauli.

Mirambo alianza na himaya ndogo ya Uyowa, magharibi ya Tabora. Kwa jeshi lake la rugaruga, yaani wapiganaji wa kukodiwa, alizimeza himaya za jirani moja baada ya nyingine, na mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji. Waarabu wa Unyanyembe, himaya ya Tabora yenyewe, walishindwa kupitisha pembe za ndovu, na Stanley, aliyekuwa njiani kumtafuta Livingstone, ilimbidi azungukie kusini. Hakuna wa kumnyima Mirambo sifa ya ushujaa wala ya akili. Alifariki Desemba 1884, ndugu yake Mpandashalo akashika nafasi, na katika muda wa miaka kumi hivi dola ile ilikuwa imemeguka vipande. Sababu haijifichi. Rugaruga walimfuata mtu na ngawira, hawakuifuata ofisi. Himaya zilizoshindwa ziliachiwa koo zake zile zile za kitawala, zikingoja siku yake. Mwanahistoria Ibn Khaldun wa Tunis, aliyefariki mwaka 1406, alikadiria kwamba ukoo wa kitawala hudumu vizazi vitatu vya miaka arobaini arobaini, maana mshikamano wa walioupandisha hupungua kila kizazi. Dola ya Mirambo haikufika hata kizazi kimoja baada yake. Mpinzani wake wa Unyanyembe, Isike, naye alijilipua ndani ya ghala la baruti Januari 1893, Wajerumani walipoivunja ngome yake, na utawala wa Unyanyembe ukapita mikononi mwa wageni.

Chini ya watemi wote hao kulikuwa na kitu ambacho waombolezaji wa kiboko hawakitaji. Majirani wa Kinyamwezi walikuwa na baraza lao wenyewe, lisilomngoja mtemi wala mwanangwa, mkuu wa kijiji aliye chini yake. Liliwashughulikia waliokwepa wajibu wa ujirani: asiyefika msibani, asiyeitikia yowe, anayekunywa pombe ya kazi za wenzake na kulimiwa lakini kwake jembe halitoki. Mtu huyo aliitwa, akasikilizwa, akatozwa kuku, mbuzi au pombe, na kilichotozwa kikaliwa hapo hapo na waliohudhuria. Akigoma kulipa, hatembelewi, hasaidiwi wala haazimwi kitu mpaka alegee. Hapa pana hesabu nzuri sana. Faini ilikuwa ndogo kiasi cha kulipika siku hiyo hiyo, kwa hiyo hapakuwa na deni la kukimbia. Walioila walikuwa na sababu ya kuja kwenye baraza lijalo. Na ikishaliwa, shauri limekwisha, hakuna wa kulifufua.

Msomaji asidhani huo ni ushamba wetu tu. Elinor Ostrom, Mmarekani aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia maisha yake kuchunguza jamii zilizotunza malisho, misitu na maji ya pamoja kwa karne nyingi, na akakuta mambo yale yale yakijirudia. Kijiji cha Törbel, kwenye milima ya Uswisi, kiliandika mwaka 1517 kwamba hakuna ruhusa ya kupeleka malishoni ng'ombe wengi kuliko wale ambao mtu ataweza kuwalisha majira ya baridi. Afisa aliyewakamata waliozidisha aliruhusiwa kubaki na nusu ya faini. Katika vijiji kadhaa vya Japani, aliyekutwa msituni kabla ya siku ya kufunguliwa alimpa mlinzi pombe ya mchele na mambo yakaishia hapo. Akirudia, adhabu ilipanda. Akizidi, alitengwa na kijiji kizima, ila kwa mambo mawili alibaki mwanakijiji: maziko, na nyumba ikishika moto. Huko Valencia, Hispania, wakulima wa mifereji minane wana mahakama yao ya maji inayokaa kila Alhamisi saa sita mchana mlangoni pa kanisa kuu. Kesi husemwa kwa mdomo na hukumu hutoka papo hapo. Na tukirudi nyuma zaidi, sheria za Hammurabi wa Babeli, za karibu miaka 1750 kabla ya Kristo, zilimtaka mwenye shamba aliyezembea tuta lake, maji yakafurika kwa jirani, alipe nafaka iliyopotea. Akishindwa, anauzwa yeye na mali yake, na fedha wanagawana waliopata hasara. Hiyo ya mwisho ni kali kupita kiasi, sawa, lakini tazama ilikoanzia: kwenye tuta la mfereji.

Sasa kwa nini mkoa wetu ulipoteza utaratibu huo? Haukuupoteza kwa siku moja. Waingereza, kwa sheria ya mwaka 1926, waliwafanya watemi kuwa wakusanyaji wa kodi na mahakimu wa serikali, hivyo wakaanza kuangalia boma, ofisi ya serikali, badala ya kuangalia watu. Mwaka 1963 utemi ulifutwa kisheria. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya nazo zikafutwa. Kuanzia mwaka 1973 hadi 1976 watu walihamishiwa vijijini kwa mamilioni nchi nzima, majirani wa zamani wakatawanywa, na mipaka ya malisho iliyokuwa ikijulikana na kila mtoto ikapoteza maana. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, na Operesheni Vijiji ilisogeza shule na zahanati, hilo lisikanushwe. Ila mwishowe ilitoweka ngazi yote iliyokuwa kati ya kaya na serikali kuu. Kisha ikaja vita ya Uganda ya 1978 na 1979, silaha zikazagaa, na wezi wa mifugo wakakuta nchi haina wa kuitikia yowe.

Jibu halikutoka Dodoma wala Dar es Salaam. Karibu mwaka 1982, mpakani mwa Kahama na Nzega, wanavijiji walianzisha sungusungu, ulinzi wao wenyewe wa jadi, na kwa miaka michache tu ikaenea Unyamwezi na Usukuma kote. Muundo wake ulikuwa mwepesi: mtemi wa sungusungu, katibu, kamanda, wazee wa baraza, na wanaume wote wenye nguvu wakiwa askari. Mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa, anayeusikia hutoka na upinde, hupaza mwano huo huo ili kijiji cha mbele nacho kisikie, na njia zote huzibwa. Nyayo za ng'ombe hufuatwa, na zikiingia kijiji kingine, wenyeji wa huko ndio huendelea kuzifuata. Asiyetoka hutozwa. Gharama yake kwa serikali ilikuwa sifuri. Wizi ulipungua sana, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa ili kuwapa walinzi hao wa jadi uwezo unaofanana na wa mgambo.

Ni lazima niseme pia ilikoharibika, maana wanaoisifu huishia hapo nilipoishia. Sungusungu iliyofanya kazi ni ile iliyoshughulika na jambo linaloonekana: ng'ombe hayupo, nyayo hizi hapa. Ilipoingia kwenye uchawi ikawa balaa, kwa kuwa uchawi hauna unyayo. Vikongwe wenye macho mekundu, mekundu kwa moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe, waliuawa kwa tuhuma. Pili, watu walipigwa ili wakiri, na mtu anayepigwa hutaja jina lolote. Tatu, faini zilipoacha kuliwa hadharani na kugeuka fedha taslimu mikononi mwa wachache, viongozi walianza kutafuta wakosaji badala ya kutafuta ng'ombe. Nne, kutengwa kulifanywa bila mwisho. Wajapani waliacha maziko na moto nje ya adhabu yao kwa akili: aliyenyimwa hata wa kumzika hana cha kupoteza tena, na mtu wa namna hiyo ni hatari kwa kijiji kuliko mwizi.

Mfano wa pili uko jirani zetu Shinyanga, na sehemu za Nzega na Igunga zinaufahamu vizuri. Ni ngitili: eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, majani yakue, kisha hufunguliwa kiangazi kikikaza, kipande kwa kipande, likianza na ng'ombe dhaifu, ndama na maksai wa kulimia. Kufikia mwaka 1986, mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza, ngitili zilizokuwa zimebaki Shinyanga zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Katika miaka iliyofuata zilifufuliwa hekta zaidi ya laki tatu. Miche ya kupanda ilichangia kidogo. Kilichofanya kazi ni kuwarudishia watu haki ya kufunga eneo lao na kumtoza anayeliingilia, kupitia dagashida, mikutano yao ya jadi. Miti ikachipua yenyewe kutoka kwenye visiki na mizizi iliyokuwa hai ardhini.

Ngitili hufa kwa kosa moja la hesabu. Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji chakula kikavu kama asilimia mbili na nusu ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 6 na robo. Kwa siku 120, kuanzia Agosti hadi Novemba, hiyo ni kilo 750. Hekta ya ngitili ikitoa kilo 1,500 za majani makavu, na nusu ikaachwa ili ardhi isibaki kipara, hekta hiyo inamtosha ng'ombe mmoja tu kwa msimu. Ngitili ya kijiji yenye hekta 80 ina nafasi 80. Zikigawanywa kwa kaya 40, ni ng'ombe wawili wawili: dume la jembe na jike lenye ndama. Mwenye ng'ombe mia mbili atalalamika, na hapo ndipo kanuni ya Törbel inapotufaa. Mwulize: kundi lako unalilisha wapi Oktoba kwa malisho yako mwenyewe? Kwa kiwango hicho ndicho aruhusiwe, wala kisizidi. Vijiji vinavyoruhusu kila mtu aingize anachoweza hukuta ngitili imekwisha Septemba, na anayeathirika kwanza ni mwenye maksai wawili, maana watakonda mvua zikianza na shamba litachelewa.

Ugomvi wa pili, na huu ndio unaojaza mabaraza, ni mifugo kula mahindi. Hapa tunapoteza amani kwa kuchelewa kupima. Upimaji ufanyike siku hiyo hiyo, maana mvua moja hufuta nyayo na baada ya siku tatu kila mmea ulionyauka utahesabiwa kuwa umeliwa. Waende wanne: wawili wa mkulima na wawili wa mfugaji. Wapime eneo kwa kamba, si kwa macho. Tuseme ni mita 20 kwa 15, yaani mita za mraba 300. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Shamba linalotarajiwa kutoa gunia kumi kwa ekari litakuwa limepoteza karibu robo tatu ya gunia. Hiyo ndiyo hasara. Mkulima anayedai gunia tano anatafuta ugomvi, na mfugaji anayetoa pole tupu anatafuta ugomvi vilevile.

Umri wa mmea nao uandikwe. Mahindi ambayo hayajavuka majani sita bado yana kichipukizi chake chini ya udongo, na yakiliwa juu mengi huchipua tena. Kwa hayo, ilipwe fidia ndogo ya kazi, na baada ya wiki mbili wale wanne warudi kuhesabu yaliyokufa. Yakiliwa yakiwa yametoa mbelewele, hakuna cha kungoja. Ilipwe hasara nzima, kwa nafaka ikiwezekana, kwa sababu bei ya gunia wakati wa mavuno si bei ya Februari, na tofauti hiyo ndiyo huanzisha vita ya pili baada ya ile ya kwanza kusuluhishwa.

Nini kifanyike basi? Nguvu ya kisheria tunayo tayari, wala haihitaji mtemi. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inairuhusu halmashauri ya kijiji kutunga sheria ndogo. Rasimu huandikwa na halmashauri, hupelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni watu wote wenye miaka 18 na zaidi, hujadiliwa, kisha huenda halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Kabla ya idhini hiyo, faini yoyote ni ya kienyeji tu na mtu anaweza kuipinga mahakamani akashinda. Vijiji vingi huangukia hapa: hutoza kwanza, huandika baadaye. Kosa jingine ni kunakili sheria ndogo za kijiji cha mbali neno kwa neno, mpaka unakuta kijiji kisicho na lambo kina faini ya kuchafua lambo.

Rasimu nzuri haizidi kurasa mbili. Itaje mipaka kwa vitu visivyohama: kilima, mto, barabara, mbuyu. Itaje tarehe ya kufunga na kufungua ngitili. Iweke ngazi za adhabu. Kwa maoni yangu, mara ya kwanza aonywe na jina liandikwe, mara ya pili atozwe kiasi kinacholingana na kibarua cha siku moja au mbili, mara ya tatu mara tano ya hapo, na mara ya nne apelekwe mahakama ya mwanzo. Faini ya laki tano kwa kosa la kwanza inavutia masikioni kwenye mkutano, lakini haikusanywi kamwe. Anayetozwa atamtafuta mtendaji usiku, watapatana kwa elfu hamsini, na kuanzia siku hiyo kila mtu anajua bei. Samaki hukunjwa angali mbichi.

Mlinzi wa ngitili apewe sehemu ya faini, lakini asiwe yeye anayepokea fedha. Anayekamata ni mmoja, anayeamua ni wengine, anayepokea ni wa tatu, na risiti hutolewa palepale. Maandishi ya kwanza kabisa tunayoyajua duniani, ya Uruk karibu miaka 3200 kabla ya Kristo, mengi yake ni hesabu za shayiri, mifugo na watu waliopewa posho, na kijiji kisicho na daftari la makusanyo kiko nyuma ya hapo. Jedwali la waliolipa libandikwe kwenye ofisi ya kijiji kila robo mwaka, mkutano mkuu unapokaa. Shemeji wa mwenyekiti akionekana humo, watu wataanza kuamini. Asipoonekana kamwe, nao wataelewa.

Migogoro ya mipaka ya mashamba ina njia yake. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na wasiopungua watatu ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Shauri likiwashinda huenda baraza la kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 halina tena uwezo wa kuhukumu ardhi, linasuluhisha tu, na lisipofanikiwa ndani ya siku 30 mlalamikaji anaweza kwenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Wengi bado wanashikilia karatasi za kata zilizotolewa baada ya hapo wakidhani ni hukumu. Wizi wa ng'ombe, kipigo na tuhuma za uchawi visiguswe na baraza lolote la kijiji. Hayo ni ya polisi, hata kama kituo kiko mbali.

Jambo la mwisho linahusu wageni. Kusini na magharibi mwa mkoa, Sikonge na Kaliua, wafugaji wengi wamehamia na mifugo yao, na vijiji kadhaa vimepitisha sheria ndogo bila kuwaita mkutanoni, kisha vinashangaa sheria hazitiiwi. Mtu mwenye ng'ombe mia tatu akiishi nje ya daftari la kijiji, faini haimfikii na kutengwa hakumgusi. Aandikishwe kitongojini, apewe zamu ya ulinzi, apewe kiti kwenye kamati ya malisho, na idadi ya ng'ombe wake isomwe hadharani pamoja na za wenyeji. Kwa kuwa ngitili hufungwa Novemba, rasimu zinazotaka kutumika msimu ujao ziwe zimefika wilayani kabla ya Agosti. Zikichelewa hapo, mvua zitaanza ng'ombe wakiwa bado ndani.

Msomaji wenu,
Cheyo, Tabora